Daftari Linalookoa Roho

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Lilisomwa katika redio, na sasa limepigwa chapa kwa ajili ya wanafunzi wa Kibamba na jirani zake.

Ninyi mlio darasani, fungueni ukurasa huu mfuate pamoja nami polepole. Na wewe unayesoma nyumbani peke yako, usione haya kusoma kwa sauti. Hivyo ndivyo kila mmoja wetu alivyoanza.

Leo nataka kuwaeleza habari za daftari. Najua mtu atasema: "Ah, daftari nalijua. Lipo la duka, lipo la kikoba, lipo la mahudhurio ya darasa." Kweli kabisa. Wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mali tutakayoizungumza leo si fedha wala magunia ya mchele. Ni roho za watu, hasa wale ambao moyo wao husimama ghafula. Tutaona jinsi watu wa nchi mbalimbali, pamoja na nchi yetu, walivyojifunza kuandika habari za wagonjwa, na jinsi maandishi yale yalivyokuja kuokoa watu wengine ambao hawakujuana nao.

1. Neno moja katika daftari

Kwanza nitawaambia jambo nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita, hapa Kibamba, jirani yangu mmoja, fundi seremala aliyependwa na watu, alianguka uani kwake alfajiri akichota maji ya kunawa. Mkewe alipiga ukelele. Tulikuja mbio, wanaume kwa wanawake, tukamkuta amelala chali, hasemi, hapumui vizuri, ila anakoroma mara moja moja. Mmoja wetu akammwagia maji. Mwingine akampepea kwa kanga. Mwingine akakimbia kutafuta bajaji. Na mimi, mtu niliyesoma, mwenye saa mkononi na simu mfukoni, nilimshika mkono nikawa naita jina lake tu. Kisha tukampakia, tukaenda.

Hospitalini bibi mwuguzi alituuliza maswali mafupi. Ameanguka saa ngapi? Nani alimwona akianguka? Yupo mtu aliyembonyeza kifua? Je, alikuwa na presha? Tukatazamana. Mmoja akasema saa kumi na moja. Wa pili akasema la, adhana ilikuwa bado. Wa tatu akasema kulikuwa kumekwisha pambazuka. Mkewe, ambaye ndiye aliyejua, tulimwacha nyumbani analia. Daktari alifanya kazi yake kwa bidii, lakini jirani yetu alikuwa amekwisha kukata roho. Nikamwona yule mwuguzi akiandika katika daftari lake, na mahali pa saa ya kuanguka akaandika neno moja tu: Haijulikani.

Neno lile limenikaa moyoni hata leo. Somo hili limetoka katika neno lile.

2. Moyo kusimama ni nini?

Moyo wa mtu ni pampu. Husukuma damu kwenda kila kiungo, na damu huchukua hewa tunayovuta. Kiungo kisichoweza kuvumilia kukosa hewa hiyo ni ubongo. Moyo ukisimama, mtu huanguka, huzimia mara moja, na baada ya dakika chache, kama nne au tano hivi, ubongo huanza kuharibika.

Yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaoulisha moyo unapoziba. Mgonjwa husikia maumivu ya kifua, hutoka jasho, lakini mara nyingi yu macho na anazungumza. Moyo kusimama ni jambo jingine. Hapo pampu yenyewe imeacha kusukuma. Mshtuko wa moyo waweza kuufanya moyo usimame, lakini pia kuna sababu nyingine, kama kuzama majini, kupigwa na umeme, au kupoteza damu nyingi.

Kila dakika inayopita bila mtu kubonyeza kifua cha mgonjwa, nafasi yake ya kupona hupungua kama sehemu saba hata kumi katika kila mia. Sasa fikirini wenyewe. Kutoka Kibamba hadi Muhimbili ni mwendo wa kilomita zaidi ya ishirini. Hata kama barabara ya Morogoro imepanuliwa, na hata kama dereva wa bajaji ni hodari namna gani, dakika kumi zimekwisha kabla hamjafika mbali. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika uani, dukani au kituoni, pale pale mtu alipoanguka.

Lakini watu walijuaje jambo hili? Walilijua kwa sababu waliandika. Tuanze basi historia yenyewe.

3. Daftari la kodi na daftari la ugonjwa

Katika nchi yetu, watu wengi wa zamani walianza kulijua daftari kwa ubaya. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Karani alikuja na kitabu, akahesabu nyumba, akaandika jina la mwenye nyumba, na asiyelipa alifanyizwa kazi kwa nguvu. Baadaye Waingereza nao wakatoza kodi zao. Basi si ajabu mzee akimwona mtu mwenye kalamu mlangoni alikuwa akijificha. Daftari lile lilimhesabu mtu ili atoe kitu.

Lakini polepole likaja daftari la namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika chuo cha Makerere huko Kampala, madaktari walianza kuandika katika rejesta moja wagonjwa wa saratani wa sehemu ile. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, alimwona mtoto mwenye uvimbe wa taya. Baadaye akamwona mwingine namna ile ile mahali pengine. Akatafuta katika maandishi ya hospitali, akakuta watoto wengi zaidi wenye uvimbe kama ule. Mwaka 1958 akaandika habari zake.

Hakuishia hapo. Alipeleka karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: Je, ugonjwa huu mnauona kwenu? Kila jibu akaliweka alama katika ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia katika gari kuukuu, wakasafiri maili elfu kumi kupita Afrika ya Mashariki na kusini zaidi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa ule unakaa katika nchi za joto na mvua, na haukai katika milima mirefu yenye baridi. Hayo yakawa msingi wa utafiti mkubwa ulioenea duniani. Burkitt hakuwa na mitambo ya ajabu. Alikuwa na macho, karatasi, ramani, na subira ya kuuliza.

Shikeni neno hili, ndugu zangu: mgonjwa mmoja ni msiba wa nyumba moja, lakini wagonjwa mia walioandikwa vizuri ni elimu kwa nchi nzima.

4. Mikono miwili

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, watu walikuwa wakitafuta njia ya kuuamsha moyo uliosimama. Zamani daktari alipasua kifua cha mgonjwa akaukamua moyo kwa mkono wake. Kazi hiyo haikuwezekana nje ya chumba cha upasuaji.

Katika mji wa Baltimore, Marekani, watu watatu, William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker, waligundua kwamba kifua kikibonyezwa kwa nguvu kutoka nje, damu husukumwa ndani ya mishipa. Kouwenhoven hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa mhandisi wa mambo ya umeme. Mwaka 1960 walitangaza habari za wagonjwa 20 waliotendewa hivyo, na 14 kati yao walipona. Walieleza kwamba hakuna chombo kinachohitajiwa ila mikono miwili tu.

Habari hiyo ilienea upesi. Watu wa zimamoto, polisi, walimu, hata watu wa kawaida wakafundishwa. Lakini baada ya miaka kadhaa likazuka swali gumu: Je, watu wanapona kweli? Wale wagonjwa 20 wengi wao walikuwa tayari mikononi mwa waganga. Huko mitaani mambo yakoje?

5. Hesabu zisizopatana

Hapa nataka kila mmoja achukue kalamu. Tuchukue mfano wa kutunga, si habari ya kweli. Mji wa kwanza unasema: "Kwetu hupona watu 25 katika kila mia." Mji wa pili unasema: "Kwetu hupona watu 10 katika kila mia." Mji gani una waganga hodari zaidi? Haraka haraka utasema mji wa kwanza.

Ngoja kidogo. Katika miji yote miwili mioyo ya watu 100 ilisimama, na katika miji yote miwili walipona watu 10. Lakini mji wa kwanza uliwahesabu wagonjwa 40 tu, wale walioonekana wakianguka, ukawaacha wale 60 waliokutwa wamekwisha lala chini. Kumi katika arobaini ni sawa na ishirini na tano katika mia. Mji wa pili uliwahesabu wote mia. Basi miji miwili ni sawasawa, ila mmoja umehesabu kwa kuchagua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa duniani. Kila mji ulikuwa na hesabu yake, na hesabu hazikupatana. Kwa sababu hiyo, mwaka 1990 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Utstein, mahali penye nyumba ya kale ya watawa karibu na mji wa Stavanger, huko Norwei. Wakakubaliana jinsi ya kuandika. Mwaka 1991 mapatano yao yakapigwa chapa. Tangu hapo, anayetunza daftari la mioyo iliyosimama hujibu maswali yale yale: Mtu alianguka wapi? Nani aliyemwona? Je, yupo aliyebonyeza kifua kabla ya waganga kuja? Msaada uliitwa saa ngapi, ukafika saa ngapi? Moyo ulikuwa katika hali gani ulipopimwa mara ya kwanza? Na mwisho, je, mgonjwa alitoka hospitali akiwa hai?

Mmeyatambua maswali hayo? Ndiyo yale aliyotuuliza bibi mwuguzi siku ile. Sisi tulidhani anatuchelewesha. Kumbe maswali yake yalikuwa na safari ndefu nyuma yake.

6. Daftari lilivyofundisha nchi nyingine

Huko Swideni walianza kutunza daftari la nchi mwaka 1990. Walipokwisha kukusanya habari za zaidi ya watu 30,000 walioanguka mbele ya wenzao, walilinganisha makundi mawili. Waliobonyezwa kifua kabla gari la wagonjwa halijafika, watu kama 10 katika kila mia walikuwa hai baada ya siku thelathini. Wasiobonyezwa, walikuwa 4 tu katika kila mia. Daktari mmoja peke yake asingeweza kuiona tofauti hiyo. Daftari ndilo lililoionyesha.

Denimaki nao walianza daftari lao mwaka 2001. Wakaona haya: katika kila watu mia walioanguka, kama 21 tu ndio waliobonyezwa kifua na watu waliokuwa karibu. Serikali yao ikachukua hatua. Mwaka 2005 mafunzo yakawekwa katika shule za watoto, na mwaka 2006 kila atakaye leseni ya kuendesha gari akatakiwa ajifunze kwanza. Mwaka 2010 wakatazama tena daftari. Sasa waliobonyezwa walikuwa karibu 45 katika kila mia. Na waliokuwa hai baada ya siku thelathini waliongezeka kutoka kama 3 au 4 katika mia hadi karibu 11.

Nisiwadanganye. Hata huko, wenye magari ya wagonjwa na mashine za kuushtua moyo kwa umeme, wengi bado hufa. Tena wataalamu wao walikiri kwamba mambo mengine nayo yalibadilika, kama matibabu ya hospitalini. Lakini fikiria watu saba zaidi katika kila mia. Ni baba wa mtu, mama wa mtu, fundi wa mtaa fulani. Nao walirudi nyumbani.

7. Na sisi Dar es Salaam?

Sasa turudi kwetu. Msidhani sisi tumekaa tu. Mwaka 1992 Wizara yetu ya Afya, ikisaidiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima. Walichagua mahali patatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai, na Morogoro Vijijini. Waandikaji walipita nyumba kwa nyumba. Palipotokea msiba, mtu aliyefundishwa alikwenda baadaye kuwauliza wafiwa kwa upole: Marehemu aliumwaje? Ilimwanza lini? Alianguka, au alidhoofika polepole?

Tazameni hekima ya jambo hili. Watu wengi katika nchi yetu hufia nyumbani. Kama ukihesabu wale wa hospitali tu, hujahesabu nchi. Katika miaka mitatu ya kwanza mradi uliandika vifo 11,975, na kati yake 7,629 vilikuwa vya watu wa miaka kumi na mitano na zaidi. Katika hao, 421 walikufa kwa kiharusi. Ilionekana pia kwamba watu wetu ambao hawajawa wazee walikufa kwa kiharusi kwa kadiri kubwa kuliko watu wa Uingereza wa umri huo. Hapo kabla, wengi walisema kiharusi na presha ni magonjwa ya matajiri wa Ulaya. Daftari liliwakatalia.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 walihesabu upya, safari hii wakitafuta kila mtu aliyepatwa na kiharusi, awe amekufa au yu hai. Walipokwisha kusawazisha hesabu kwa umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya kama 316 kwa mwaka katika kila watu laki moja, na Hai kama 109. Yaani mjini karibu mara tatu ya shamba. Nasi tunajua kwamba presha inayopasua au kuziba mishipa ya ubongo ndiyo hiyo hiyo inayouchosha moyo.

Upande wa hospitali nako mambo yalikwenda mbele. Mwezi wa Januari 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura, ya kwanza ya namna yake katika hospitali za umma za Tanzania. Mwaka huo huo chuo cha Muhimbili kilianza kuwafundisha madaktari bingwa wa dharura. Katika mwaka 2012 na 2013, Daktari Abel Makubi na wenzake waliwaandika na kuwafuatia wagonjwa 427 wa Muhimbili ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi vizuri. Katika kila mia, 45 shina la ugonjwa lilikuwa presha. Umri wao, ukichukua wastani, ulikuwa miaka 55 tu. Umri huo mtu bado analea na kusomesha.

Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwaka 2017 ikafunguliwa rasmi hospitali kubwa ya Mloganzila, ambayo ni jirani zetu sisi wa Kibamba na Kwembe. Na madaktari wa dharura wa Muhimbili, akiwamo Daktari Hendry Sawe, wametengeneza rejesta ya majeruhi na kuitumia katika hospitali kadhaa za mikoa, ili ajali nazo zipate kuhesabiwa kwa utaratibu mmoja.

8. Ukurasa ulio wazi

Basi, tunakosa nini? Tunakosa mambo yanayotokea kabla ya mlango wa hospitali. Mwuguzi huandika tangu mgonjwa anapoingia. Lakini moyo huamuliwa hatima yake katika dakika zile za uani. Na wagonjwa wengi wa mjini kwetu hufika kwa bajaji, kwa teksi au kwa gari la jirani, si kwa gari la wagonjwa lenye mtu wa kuandika saa. Tena yule anayekufa nyumbani akazikwa kabla ya jua kuchwa, haingii katika daftari la hospitali kamwe.

Kwa hiyo mpangaji wa mambo ya afya akifungua kitabu anaona nafasi tupu. Atajuaje kama Kibamba inahitaji gari la wagonjwa zaidi, au mafunzo zaidi, au dawa za presha zaidi? Anayegawa akiona nafasi tupu, hupeleka mahali penye hesabu. Mtaa usioandikwa ni rahisi kusahauliwa.

Mtu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, na siri zetu je? Nikisema mzee wangu alikuwa na ugonjwa fulani, si utatangazwa?" Swali hili ni la haki, hasa kwa watu waliojua daftari la kodi. Jibu ni kwamba habari za mgonjwa ni amana. Anayehesabu wagonjwa hahitaji kulitangaza jina la mtu. Anatangaza idadi, umri na saa. Tena nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi wa Mei 2023. Una haki ya kuuliza: Habari hizi ni za nini, na nani atazisoma?

9. Kazi yako wewe

Sasa nasema nawe, ewe mwanafunzi. Mwaka jana labda hukuweza kuandika jina lako. Leo unaweza kuandika saa. Usiidharau elimu hiyo.

Ukimwona mtu mzima ameanguka, mwite kwa sauti na kumtikisa bega. Asipoitika, na kama hapumui au anakoroma tu mara moja moja, usimpige maji. Kukoroma kule si usingizi. Mpaazie sauti mtu mmoja, kwa jina lake, aite msaada na kutafuta gari. Mlaze mgonjwa chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, na kiganja cha pili juu yake, mikono imenyooka. Bonyeza kwa nguvu, kifua kiingie kama sentimita tano, kisha kiache kipande juu. Fanya hivyo upesi, mara 100 hata 120 kwa dakika. Ukichoka, mwenzako akupokee. Msiache mpaka mgonjwa aanze kupumua au msaada ufike. Afadhali zaidi, nendeni mkajifunze kwa vitendo, kwa mfano kwa watu wa Chama cha Msalaba Mwekundu, maana mkono hujifunza kwa kufanya.

Na mtu mmoja kati yenu, hata akiwa mtoto wa shule, aandike mambo manne katika karatasi yo yote, hata nyuma ya risiti ya duka:

Kwanza, saa mgonjwa alipoanguka. Tazama simu yako.

Pili, jina la aliyemwona, na huyo aje hospitali pamoja nanyi kama inawezekana.

Tatu, kilichofanyika: je, kifua kilibonyezwa, tangu saa ngapi?

Nne, magonjwa aliyokuwa nayo na dawa anazotumia. Chukueni dawa zenyewe mkononi.

Mkifika, mpeni mwuguzi karatasi ile. Yeye atainakili katika daftari. Huenda mgonjwa wenu akapona. Huenda asipone. Lakini hata asipopona, mstari wake hautakuwa mtupu, na mtaa wake utahesabiwa.

Yule fundi seremala ndiye aliyetengeneza mlango wa nyumba yangu. Kila asubuhi naufungua, na mara nyingi nakumbuka saa iliyokuwa mkononi mwangu siku ile, ambayo sikuitazama. Sina la kumrudishia. Ila naweza kuwaomba ninyi kwamba katika daftari la mwuguzi, mahali pa saa, lile neno Haijulikani lisiandikwe tena kwa sababu yetu.

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana katika somo lijalo.

Maswali ya kujibu na kuzungumza darasani

1. Eleza tofauti kati ya mshtuko wa moyo na moyo kusimama.

2. Katika mji mmoja mioyo ya watu 50 ilisimama, wakapona 5. Je, ni wangapi katika kila mia?

3. Kwa nini waandikaji wa mwaka 1992 walikwenda nyumba kwa nyumba badala ya kuuliza hospitalini tu?

4. Waulize wazee wa mtaa wako walivyoliona daftari la kodi. Linganisha na daftari la wagonjwa.

5. Andika katika daftari lako mambo manne ya kumpa mwuguzi. Kisha yanakili katika karatasi, uibandike nyuma ya mlango wa nyumba yako.